DSIP, peptidi ya usingizi mzito na homoni za msongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya mtu aliyekesha usiku mwingi, kisha akasikia habari za kichupa chenye unga mweupe kinachosemekana kurudisha usingizi mzito na kutuliza homoni za msongo. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine yanaisha kwa sentensi mbili.

DSIP ni kitu gani?

Ni peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, vijenzi vya protini; huu una tisa. Ukianzia mwanzo zinafuatana hivi: triptofani, alanini, glisini, glisini, asidi aspatiki, alanini, serini, glisini, asidi glutamiki. Herufi hizo nne ni kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya peptidi inayoleta usingizi wa delta. Katika majina rasmi ya dawa inaitwa emideltide. Ni molekuli ndogo, yenye uzito wa takriban daltoni 849. Insulini, ambayo nayo ni peptidi, ina asidi amino 51.

Usingizi wa delta ndio upi?

Ni usingizi mzito, ule ambao mtu akiitwa haitiki, na akiamshwa kwa nguvu anakaa kitandani dakika kadhaa bila kujua yuko wapi. Vifaa vya kupima umeme wa ubongo huonyesha wakati huo mawimbi makubwa yanayokwenda polepole, kati ya nusu wimbi na mawimbi manne hivi kwa sekunde. Hayo ndiyo mawimbi ya delta. Sehemu kubwa ya usingizi huu hupatikana katika theluthi ya kwanza ya usiku, na kiasi chake hupungua kadiri mtu anavyozeeka. Kupungua huko kwa umri si ugonjwa.

Iligunduliwaje?

Wazo la kwamba damu ya mnyama aliyelala ina kitu kinacholeta usingizi ni la zamani. Mwaka 1909 Kuniomi Ishimori huko Nagoya, Japani, na mwaka 1913 René Legendre na Henri Piéron huko Paris, waliwanyima mbwa usingizi kwa siku kadhaa. Kisha walichukua majimaji ya ubongo wa mbwa hao wakawadunga wenzao waliokuwa macho. Mbwa waliodungwa walisinzia. Kuanzia hapo wanasayansi wakawa wanaitafuta “sumu ya usingizi”.

Huko Basel, Uswisi, Marcel Monnier na wenzake waliifuata njia hiyo kwa sungura. Walipitisha umeme mdogo katika thalamasi, sehemu iliyo katikati ya ubongo, mpaka sungura akalala. Damu iliyokuwa ikitoka kichwani mwake waliichuja kwenye utando unaopitisha molekuli ndogo tu, halafu wakampa sungura mwingine majimaji yaliyochujwa. Mawimbi ya delta yakaongezeka kwa yule wa pili. Kazi ya kutafuta ni kitu gani hasa ndani ya majimaji hayo ilichukua miaka mingi. Mwaka 1977 Guido Schoenenberger na Monnier walichapisha mpangilio wa zile asidi amino tisa.

Ninaieleza hadithi hii kwa urefu kwa sababu jina la DSIP limetoka humo. Peptidi ilipewa jina kutokana na jambo moja lililoonekana kwa sungura, kabla haijajulikana inafanya nini kwa binadamu. Jina hilo limebaki hivyo hadi leo, na wauzaji wanalisoma kama ahadi.

Je, mwili wa binadamu huitengeneza wenyewe?

Hapa ndipo penye kitendawili. Watafiti waliotumia kingamwili kuitafuta DSIP waliona dalili zake katika damu, mkojo, maziwa ya mama na pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Lakini kingamwili hushika umbo. Ikikutana na kipande cha protini nyingine chenye umbo linalofanana, itakishika hicho pia. Ndiyo maana watafiti waangalifu huandika “kitu kinachofanana na DSIP” na si DSIP.

Kila peptidi inayotengenezwa na seli zetu kwa kawaida hukatwa kutoka katika protini mama, na protini hiyo ina jeni lake. Kwa DSIP, jeni halijapatikana. Protini mama haijapatikana. Kipokezi, yaani mlango wa seli ambao peptidi hugonga ili ujumbe uingie, nacho hakijatambuliwa. Tangu 1977 jenomu nzima ya binadamu imesomwa, na bado nafasi hizo tatu ziko wazi. Mwaka 2006 Vladimir Kovalzon na Tatyana Strekalova waliipitia kazi yote iliyokwisha kufanywa na wakaiita DSIP fumbo ambalo bado halijateguliwa.

Linganisha na oreksini, peptidi ya ubongo inayotuweka macho. Ilitangazwa mwaka 1998 ikiwa na jeni lake na vipokezi vyake viwili. Muda si mrefu ikajulikana kwamba watu wengi wenye narkolepsi, ugonjwa wa kushikwa na usingizi ghafla mchana, wamepoteza seli zinazoitengeneza. Mwaka 2014 dawa ya kwanza ya usingizi inayoziba vipokezi hivyo, suvorexant, ikaidhinishwa Marekani. Miaka kumi na sita, kutoka ugunduzi hadi duka la dawa. DSIP imekuwapo kwa muda mrefu zaidi ya hapo na haijafika. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko jaribio lolote moja.

Basi inafanya kazi kwa njia gani?

Hakuna njia iliyothibitishwa. Inajulikana kwamba kiasi fulani hupenya kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo, jambo ambalo Abba Kastin na wenzake walilifuatilia sana kwa wanyama. Kupenya ni hatua ya kwanza tu. Kinachofuata baada ya hapo hakijaelezwa.

Je, imethibitishwa kuwa inaleta usingizi mzito kwa binadamu?

Hapana. Imejaribiwa, na majaribio ya mwanzo yalitia moyo. Katika miaka ya 1980 Dietrich Schneider-Helmert na wenzake waliwapa DSIP kwa njia ya mshipa watu waliokosa usingizi kwa muda mrefu, wakaripoti kwamba usingizi wao umetengemaa. Vikundi hivyo vilikuwa vya watu wachache.

Jaribio ninalolipa uzito zaidi lilichapishwa mwaka 1992. Wagonjwa 16 wenye tatizo sugu la kukosa usingizi waligawanywa mafungu mawili. Wengine walipewa DSIP na wengine plasebo, yaani sindano isiyo na dawa ndani yake, bila mgonjwa wala mpimaji kujua nani kapata ipi. Vipimo vya usiku vilionyesha nafuu kidogo upande wa DSIP: watu walilala mapema kidogo, na sehemu ya muda wa kitandani waliyoitumia kulala iliongezeka. Lakini wenyewe walipoulizwa usingizi wao ulikuwaje, hawakuona tofauti ya maana. Watafiti waliandika kwamba nafuu hiyo ilikuwa dhaifu, na kwamba sehemu yake huenda ilitokana na mabadiliko ya bahati katika kundi la plasebo. Hitimisho lao: DSIP kwa muda mfupi haielekei kuwa na faida kubwa kwa tatizo sugu la kukosa usingizi.

Watu kumi na sita ni wachache, na mtu anaweza kusema jaribio kubwa zaidi lingeonyesha kingine. Ni kweli. Ila mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayeuza, na jaribio hilo kubwa halikufuata.

Nilisoma kwamba iliwasaidia watu wanaoacha pombe na mihadarati. Ni kweli?

Mwaka 1984 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 107 waliolazwa wakiwa katika mateso ya kuacha pombe au afyuni na jamii yake, wakapewa DSIP kwenye mshipa. Wengi sana waliripotiwa kupata nafuu. Ukisoma namba hizo peke yake unashangaa. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopewa plasebo, na dalili za kuacha kilevi hupungua zenyewe siku zinavyokwenda, hasa mtu akiwa wodini, anakula, anaangaliwa. Taarifa ya aina hiyo inatosha kuanzisha jaribio la kweli. Haitoshi kuwa msingi wa tiba, na kuacha pombe ghafla bila daktari kunaweza kuua.

Kortisoli na usingizi vinahusianaje?

Kwa karibu sana, na pengine ndiyo sababu DSIP inavutia watu wenye msongo. Haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo iliyo juu ya pituitari, hutoa homoni ya CRH. CRH huiamuru pituitari itoe homoni nyingine, ACTH. ACTH husafiri kwa damu hadi tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, nazo hutoa kortisoli, homoni kuu ya msongo. Kwa mtu anayelala usiku, kortisoli hushuka chini kabisa mnamo saa sita za usiku, huanza kupanda alfajiri inapokaribia, na hufika juu karibu na wakati wa kuamka. Usingizi mzito wa mwanzo wa usiku huuzuia mnyororo huu, na wakati huohuo homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi. Msongo nao ukiuamsha mnyororo usiku, usingizi huwa mwepesi na wa kukatikakatika.

Naomba jambo moja lieleweke. Kortisoli si adui. Ndiyo inayokuinua kitandani, inalinda shinikizo la damu na sukari, na mtu ambaye tezi zake haziitengenezi, kama katika ugonjwa wa Addison, anaweza kufa asipopewa ya dukani. Ninaposikia mtu anataka “kuishusha kortisoli” bila kuipima, na bila kusema ya saa ngapi, naingiwa na wasiwasi. Kiasi kile kile ambacho ni kizuri asubuhi kinaweza kuwa dalili ya ugonjwa kikionekana usiku wa manane.

Je, DSIP inaishusha?

Kwenye chombo cha maabara, ndiyo, kwa kiasi. Tafiti za miaka ya 1980 zilionyesha kwamba pituitari ya panya iliyochochewa kwa CRH hutoa ACTH kidogo zaidi DSIP ikiwapo. Matokeo hayo ndiyo yanayonukuliwa mpaka leo.

Kwa watu wazima wenye afya hali ilikuwa tofauti. Mwaka 1995 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio walilotumia vichochezi viwili vinavyojulikana kupandisha ACTH na kortisoli: CRH yenyewe, na mlo. DSIP haikuibadilisha ACTH wala kortisoli. Kwa hiyo anayekwambia peptidi hii inatuliza homoni za msongo anazungumzia panya, hata kama hajui.

Inakaa mwilini kwa muda gani?

Dakika chache. Vimeng’enya vya damu huanza kuikata mwanzoni mwa mnyororo, na triptofani hutoka ya kwanza. Hili nalo ni gumu kuelezeka: sindano ya jioni ingewezaje kuongoza usingizi wa saa nane? Wapo waliodhani kwamba inashikamana na protini nyingine ikapata ulinzi, au inaanzisha jambo linaloendelea yenyewe. Ni dhana.

Nikiongeza kipimo, je, matokeo yataongezeka?

Si lazima, na kwa wanyama mara nyingi ilikuwa kinyume. Kipimo kidogo hakikufanya kitu, cha kati kilifanya, kikubwa kikapoteza nguvu tena. Hapa hutaona kipimo kikipendekezwa kwa sababu hakuna kilichowekwa. Majaribio mengi ya binadamu niliyoyataja yalipitisha dawa kwenye mshipa, chini ya uangalizi. Vipimo vya kujidunga chini ya ngozi vinavyozunguka mitandaoni havitoki humo.

Ni salama?

Katika majaribio mafupi, yaliyoripotiwa ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu vilivyopita. Hakuna aliyeonyesha kwamba inaua kwa kipimo kikubwa. Hiyo ni habari njema ya siku chache, kwa watu wachache, waliopewa dawa iliyotengenezwa kwa viwango vya hospitali. Mtu anayejidunga miezi mitatu mfululizo hayumo katika takwimu hizo.

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imetaja hofu nyingine inayohusu peptidi za aina hii: mwili kuziona kama mgeni na kuanza kuzishambulia. Mabaki ya kutengenezea na minyororo iliyokosewa huongeza hatari hiyo. Peptidi hutengenezwa kwa kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, na kila hatua huacha makosa machache. Asiyesafisha vizuri anakuuzia makosa hayo pamoja na dawa.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasiiguse. Anayetumia dawa za usingizi, za wasiwasi au za maumivu makali asichanganye.

Maandishi ya “kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu” yana maana gani?

Maana yake ni hiyo hiyo iliyoandikwa. Aliyeyabandika hajalazimika kuthibitisha kwamba kichupa hakina bakteria, wala kwamba kina kiasi kilichoandikwa, wala kwamba sumu za kuta za bakteria zimeondolewa. Sumu hizo hazionekani kwa macho, na zikiingia kwenye damu huleta homa na kutetemeka hata kama bakteria wenyewe wamekufa.

Cheti cha uchambuzi kinachoonyesha usafi wa asilimia 99 hueleza jambo moja: kati ya peptidi zilizomo, nyingi ni ile iliyokusudiwa. Hakisemi chochote kuhusu vijidudu, kama havikupimwa. Na cheti kisicho na namba ya toleo inayolingana na kichupa chako ni karatasi tu.

Imeidhinishwa mahali popote?

FDA haijaiidhinisha kuwa dawa. Mwaka 2023 iliiweka emideltide katika kundi la malighafi zenye mashaka makubwa ya usalama, ambazo maduka yanayochanganya dawa yenyewe hayakutakiwa kuzitumia. Orodha za namna hiyo hubadilishwa, kwa hiyo angalia toleo la sasa. Huko Urusi kuna bidhaa iitwayo Deltaran, mchanganyiko wa DSIP na glisini unaotiwa puani. Watu huitaja kama ushahidi kwamba ile ya sindano inafanya kazi. Ni mchanganyiko mwingine na njia nyingine, na glisini yenyewe imechunguzwa kwa usingizi.

Mimi ni mwanamichezo. Naweza kuitumia?

Usiitumie. Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, zina kifungu kinachokataza wakati wote dawa ambazo hazijaidhinishwa na mamlaka yoyote kwa tiba ya binadamu, na peptidi za vichupo vya utafiti huangukia hapo kwa urahisi. Isitoshe, kichupa kilichochanganyika na peptidi nyingine kinaweza kukuletea kosa ambalo hukulikusudia.

Inatofautianaje na melatonini?

Melatonini ni homoni iliyotambuliwa mwaka 1958, tezi inayoitoa inajulikana, vipokezi vyake vinajulikana. Kazi yake ni kuuambia mwili kwamba giza limeingia. Haiongezi sana usingizi mzito, na msaada wake mkubwa ni kwa aliyevurugika saa ya mwili, kama msafiri aliyevuka kanda nyingi za saa.

Rafiki yangu aliitumia, na saa yake ya mkononi ikaonyesha usingizi mzito umeongezeka. Huo si ushahidi?

Simwiti rafiki yako mwongo. Amelala vizuri, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini saa ya mkononi haisomi mawimbi ya ubongo. Hukisia kwa mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono, na katika kutenganisha usingizi mzito na mwepesi hukosea mara nyingi.

Halafu kuna jambo la majira. Kukosa usingizi hupanda na kushuka. Mtu huagiza dawa pale alipochoka kabisa, yaani wiki ile mbaya kuliko zote, na wiki inayofuata ina nafasi kubwa ya kuwa nafuu hata asingemeza kitu. Ongeza matumaini, ongeza kwamba siku aliyoanza kujidunga pengine ndiyo aliyoanza pia kuzima simu na kupanda kitandani mapema. Hata kwenye majaribio, waliopewa plasebo hulala vizuri zaidi kuliko walivyokuwa wakilala. Ndiyo maana kundi la kulinganisha haliepukiki.

Nimeshaanza kuitumia. Nifanye nini?

Acha, na mwambie daktari wako bila kuona haya. Peleka kichupa chenyewe. Ukiwa na homa, wekundu unaosambaa, uvimbe wa uso au kupumua kwa shida baada ya sindano, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Kama uliwahi kuazimana sindano au kuchota na mwenzako kwenye kichupa kimoja, omba upimwe homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Na kama silali, nianzie wapi?

Anza kwa kutafuta sababu. Unakoroma kwa nguvu, unakatika pumzi usingizini, unaamka na kichwa kizito? Hiyo inaweza kuwa apnea ya usingizi. Inavunja usingizi mzito kila usiku, inatibika, na hakuna peptidi ya kulala itakayofungua koo linaloziba. Miguu inakuwasha ukilala mpaka uitikise? Muulize daktari akupime madini ya chuma. Unaamka saa tisa usiku na moyo mzito siku baada ya siku? Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, kwa sababu sonona mara nyingi huanza kwa kumwamsha mtu alfajiri. Pombe humlaza mtu haraka kisha humwamsha nusu ya pili ya usiku. Kahawa ya alasiri nayo haijaisha mwilini unapopanda kitandani.

Ikiwa ni tatizo sugu lenyewe, yaani angalau usiku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, tiba ya kwanza inajulikana. Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza watu wazima waanze na tiba ya utambuzi na tabia kwa ajili ya kukosa usingizi, kabla ya dawa. Huchukua wiki sita hadi nane hivi. Unaandika daftari la usingizi, unapunguza saa za kitandani zilingane na saa unazolala kweli, unaamka saa ile ile kila siku, na ukikaa macho muda mrefu unatoka kitandani mpaka usingizi urudi. Wiki mbili za mwanzo ni ngumu na mchana utachoka. Mwenye kifafa au ugonjwa wa kubadilika hisia kupita kiasi asipunguze saa za kulala bila daktari, na dereva wa masafa marefu amweleze mtibabu kazi yake kabla ya kuanza.

Niandike nini kwenye daftari hilo?

Saa uliyopanda kitandani, saa unayodhani ulilala, mara ulizoamka, saa uliyoamka kabisa, na ulichokunywa baada ya saa nane mchana. Jaza asubuhi, kwa makadirio, bila kutazama saa usiku. Wiki mbili zikijaa, mpelekee daktari.